E. D. Morel, karani aliyefichua siri za Kongo bila kibali cha uchunguzi

Kule Walungu, mtu akiamka asubuhi na kukuta zizi wazi na ng'ombe hayuko, uchunguzi unaanza mbele ya jua kupanda. Vijana wanafuata kwato njiani, wanawake wanaulizana kwenye kisima, na mzee wa nyumba anapigia ndugu zake simu ili waangalie kama kwenye soko ya Mugogo hakuna mgeni anayeuza mnyama kwa haraka. Hakuna aliyewapa kibali na hakuna aliyewafundisha. Mara nyingi hao ndio wanaopata ukweli wa kwanza.

Lakini ukweli huo hauna nguvu mpaka upite kwenye mkono wa mtu mwenye uwezo wa sheria. Katika inchi yetu mtu huyo ni OPJ. Agizo la rais namba 78-289 la tarehe 3 Julai 1978 ndilo linapanga kazi yake: anachunguza chini ya uongozi wa parke, anapewa uwezo huo na mkuu wa mashtaka, na hapo tu anaweza kuita watu, kuandika PV za mashahidi, kukamata vitu ao kumshikilia mshukiwa, na hata hivyo Katiba inamkataza kupitisha saa 48. Raia anaweza kuuliza, kuandika na kupeleka malalamiko. Hawezi kuita mtu wala kupekua nyumba, na akijifanya afisa wa serikali, sheria ya makosa inamwazibu.

Kwa wenzetu mambo yamekwenda mbali zaidi. Ubelgiji ilitunga sheria ya detektivu wa kibinafsi tarehe 19 Julai 1991: anayetaka kazi hiyo sharti apate ruhusa ya waziri wa mambo ya ndani, awe hajahukumiwa kwa makosa makubwa, awe amesoma masomo yaliyopangwa, na asiwe ametoka polisi juzi tu. Mwaka 2024 sheria nyingine ilichukua nafasi ya ile. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya ulinzi wa kibinafsi mwaka 2016. Yote hayo ni mazuri. Ila uchunguzi uliotikisa Kongo kuliko wowote ule haukufanywa na mtu mwenye karatasi ya namna hiyo. Ulianzishwa na karani wa kampuni ya meli, aliyeacha masomo akiwa na miaka 15, na ambaye katika maisha yake yote hakukanyaga udongo wa Kongo hata siku moja.

Jina lake ni Edmund Dene Morel. Alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Baba alikuwa mtumishi wa serikali. Alikufa mtoto akiwa na miaka minne tu. Mama akampeleka kusoma Uingereza, lakini feza zilipungua na afya yake ikaharibika, basi kijana akarudi Paris kufanya kazi katika banki. Mwaka 1891 akaingia Liverpool kama karani wa kampuni ya Elder Dempster, iliyokuwa na meli nyingi zilizokwenda pwani ya magharibi ya Afrika. Akapata uraia wa Uingereza mwaka 1896, na mwaka huo akaoa Mary Richardson. Mshahara ulikuwa mdogo, kwa hiyo usiku alikuwa anaandika makala za biashara ya Afrika kwenye magazeti ili kuongeza kidogo. Tusimpambe: makala zake za mwanzo zilikuwa za mtu anayependa biashara na anayeamini wazungu, na alipata hata kuitetea Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II wakati wamisionari walipoanza kulalamika.

Elder Dempster ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kubeba mizigo yote kati ya Anvers na Boma. Morel alijua Kifaransa kama Kiingereza, basi mkubwa wake, Alfred Jones, akawa anamtuma mara kwa mara Ubelgiji kuongea na watu wa dola hiyo na kusimamia meli. Jones mwenyewe alikuwa konsuli wa heshima wa Dola ya Kongo pale Liverpool. Yaani kijana alikuwa anakula ndani ya sahani ileile ambayo baadaye ataipindua.

Hapo ndipo masomo yake yalipofanyika, na hayakuwa masomo ya polisi. Alijua kusoma daftari la mizigo. Alijua tani moja ya kauchu inauzwa bei gani Liverpool, pembe ya ndovu bei gani, na gunia la chumvi ao bunda la nguo linagharimu nini. Karani mzuri wa meli anajua kitu ambacho hata jaji hajui: kila kinachoondoka lazima kiwe kimelipiwa na kitu kilichoingia. Mwuza mihogo wa Walungu anajua hesabu hiyo. Ukipeleka magunia kumi Bukavu, unarudi na feza, ao sukari, ao mabati. Ukirudi mikono mitupu kila juma na bado magunia yanaendelea kutoka shambani, kuna mtu anadanganywa, ao anapigwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, kwenye bandari ya Anvers, Morel alianza kuona kwamba hesabu haikubaliani. Meli zilikuwa zinafika zimejaa kauchu na pembe za ndovu. Alipolinganisha alichokiona kwenye vitabu vya kampuni na takwimu ambazo Dola ya Kongo ilikuwa inatangaza mbele ya ulimwengu, mali iliyoshuka ilikuwa ya bei kubwa kuliko ile iliyoandikwa. Kwa hiyo feza nyingi zilikuwa zinapotelea mahali fulani, na si kwenye mfuko wa umma.

Kisha akaangalia upande wa pili, meli zinazorudi Boma. Zilikuwa zinabeba nini? Bunduki, masasi, baruti, pamoja na vitu vya maafisa na askari. Kwa hesabu yake, karibu asilimia 80 ya vitu vilivyopakiwa havikuwa vya biashara hata kidogo. Na Morel alijua jambo lingine: ndani ya Kongo wenyeji hawakuwa wanalipwa kwa feza. Basi kama hakuna feza inayofika kijijini, hakuna nguo, hakuna chumvi ya kutosha, na bado kauchu inatoka kwa maelfu ya tani, wenye kuikusanya wanalipwa na nini? Jibu lilikuwa ndani ya masanduku ya masasi. Ile haikuwa biashara. Ilikuwa kazi ya kulazimishwa, na bunduki ndiyo mshahara.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Hakuwa ameona mkono uliokatwa. Hakuwa amesikiliza shahidi hata mmoja. Alikaa mbele ya karatasi ambazo makarani wengine wengi walizipitia kila siku kwa miaka, wakapiga muhuri, wakaenda kula. Leo watu wa Nzibira, ndani ya teritware yetu ya Walungu, wanaposhona magunia ya kasiterite na kuyatia etiketi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanapolinganisha madini yanayotangazwa na inchi jirani na yale yanayoweza kuchimbwa kweli huko, wanafuata njia ileile ya Morel: usimsikilize muuzaji, hesabu kinachoingia na kinachotoka.

Karani akampelekea mkubwa wake alichokigundua. Jones hakufurahi. Alikwenda Brussels, akarudi akisema mfalme ameahidi kurekebisha mambo. Kazini watu wakaanza kumwepuka Morel. Kampuni ikampendekezea cheo kwenye inchi ya mbali, yenye mshahara mzuri. Alipokataa, akapendekezewa paundi 200 kwa mwaka kwa kazi ndogo ya ushauri, na kila mtu alielewa kwamba hiyo ilikuwa bei ya kunyamaza. Mwaka 1901, akiwa na miaka 28, mke na watoto nyumbani, aliacha kazi. Makala zake za kwanza zilikuwa zimekwisha tokea mwaka 1900 bila jina lake. Sasa akaanza kuandika kwa jina, na mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail.

Adui zake waliuliza swali ambalo kila mchunguzi asiye na kibali anaulizwa: nani anakulipa? Swali halikuwa la bure. Baadhi ya waliomsaidia walikuwa wafanyabiashara wa Liverpool, kama John Holt, waliochukizwa na mfalme aliyewafungia mlango wa biashara ya Kongo. Watu wa Leopold wakasema Morel ni kibaraka wa wafanyabiashara hao. Kama angekuwa na sahihi tu ya kuonyesha, labda angeanguka. Kilichomwokoa ni kwamba kila jambo aliloandika alilitegemeza kwenye takwimu, amri na barua za Dola yenyewe. Watumishi wa ndani wakaanza kumpelekea karatasi za siri, kwa sababu waliona anazichapisha na kwamba hasemi zimetoka kwa nani.

Tarehe 20 Mei 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo. Serikali ikamtuma konsuli wake, Roger Casement, aende kuangalia ndani. Hapo tunamwona mchunguzi wa namna ya pili, mwenye karatasi ya mfalme wake mfukoni. Casement aliijua Kongo tangu miaka ya 1880. Neno moja alilofanya linaonyesha ufundi wake: alikataa kusafiri na meli za Dola, akakodi mashua ya wamisionari wa Kimarekani, Henry Reed, ili asifikishwe tu mahali palipofagiliwa. Kuanzia Juni hadi Septemba 1903 alipanda mto, akaingia vijijini, akauliza, akahesabu watu pale ambapo zamani alikuwa ameona vijiji vikubwa.

Lakini hata mwenye kibali anaweza kuteleza. Casement aliamini kisa cha kijana mmoja, Epondo, aliyesemwa kwamba mlinzi wa kampuni ya kauchu ndiye aliyemkata mkono. Watu wa Dola wakamwendea kijana yule baadaye, naye akabadilisha maneno na kusema aliumwa na nguruwe wa pori. Watetezi wa Leopold wakapiga ngoma kwa kisa hicho kimoja, kama vile mikono mingine yote ilikuwa imeota tena. Halafu wizara ya Casement yenyewe, ilipochapisha ripoti yake mwezi wa pili 1904, iliondoa majina ya watu na ya vijiji na kuweka herufi mahali pake. Casement alikasirika sana. Ripoti isiyo na majina ni rahisi kukanushwa.

Morel na Casement walikutana London mwezi wa 12 mwaka 1903, wakaongea usiku kucha. Mmoja alikuwa na vitabu vya mizigo, mwengine alikuwa na macho. Tarehe 23 Machi 1904, Liverpool, Morel akaanzisha Congo Reform Association, chama cha kudai mageuzi ndani ya Kongo. Feza za kwanza, paundi 100, zilitoka kwa Casement ambaye hakuwa tajiri. Tangu siku hiyo Morel alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Katika miezi sita tu ya mwaka 1906 aliandika barua 3,700. Mwaka 1904 alivuka bahari akamwona rais Theodore Roosevelt kule Marekani. Alichapisha vitabu, King Leopold's Rule in Africa mwaka 1904 na Red Rubber mwaka 1906. Alieneza picha za Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari wa Baringa, na hasa ile ya baba aitwaye Nsala, ameketi barazani akiangalia mkono na mguu wa binti yake. Mambo hayo yalitendeka zaidi huko Ekwateri na kwenye misitu ya mito, si kwenye milima yetu ya Bushi. Ila dola ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mmoja.

Kuna mtu wa tatu ambaye vitabu vinampitia haraka, na mimi naona bila yeye kisa hiki hakieleweki. Hezekiah Andrew Shanu alizaliwa mwaka 1858 kwenye inchi ambayo leo ni Nigeria. Alifika Boma mwaka 1884, akafanya kazi ya karani na mtafsiri wa Dola, kisha mwaka 1893 akaanza biashara zake: duka, hoteli, nyumba ya kufulia nguo, na kazi ya kupiga picha. Alikuwa Mwafrika aliyefanikiwa, aliyealikwa, aliyepewa medali. Huyo ndiye aliyeanza kumpelekea Casement habari juu ya mateso ya wafanyakazi kutoka Afrika ya magharibi, na baadaye akamtumia Morel karatasi za siri, pamoja na habari za kesi ya wakala mmoja aliyehukumiwa kule Boma kwa mauaji.

Shanu hakuwa na kinga ya konsuli. Hakuwa na Bunge nyuma yake wala gazeti la kujitetea. Alipojaribu kupata habari kutoka kwa mkuu wa polisi wa Boma, siri yake ikafichuka. Hakufungwa, maana alikuwa raia wa himaya ya Waingereza na Dola iliogopa kelele. Ikatolewa amri nyingine: watumishi wa serikali wasinunue tena kwake. Mji wa Boma ulikuwa mji wa watumishi wa serikali. Katika miezi michache duka likafa, hoteli ikafa. Mwezi wa saba 1905 Shanu alijiua.

Tunapoongea juu ya vibali na masomo ya wachunguzi, mara nyingi tunafikiri juu ya mchunguzi mwenyewe. Sheria nzuri inapaswa kumfikiria kwanza yule anayempa habari. Morel alirudi kulala nyumbani kwake Uingereza kila usiku. Shanu alikuwa anaishi mtaa mmoja na watu aliowashtaki, kama vile shahidi wa Kaniola ao wa Nzibira anavyoishi leo karibu na yule anayemtaja kwenye PV. Morel alimheshimu, akamsifu kwenye gazeti. Hiyo haikumrudisha.

Mchunguzi wa namna ya tatu aliingia kwa amri ya mfalme mwenyewe. Mwaka 1904, akiwa amebanwa kila upande, Leopold aliunda tume ya uchunguzi yenye majaji watatu: Edmond Janssens wa Ubelgiji, Giacomo Nisco wa Italia na Edmund de Schumacher wa Uswisi. Wengi walidhani ni mchezo, na inaonekana mfalme pia alidhani hivyo. Nisco alikuwa akifanya kazi katika mahakama ya Boma, na wote walikuwa watu wa utaratibu. Lakini walikuwa na kitu ambacho Morel hakuwa nacho na hata Casement hakuwa nacho kamili: uwezo wa kuita shahidi, kumwapisha na kuandika maneno yake. Walipanda mto, wakakaa, wakasikiliza mamia ya watu.

Mbele yao alikuja Lontulu, chifu wa Bolima, akiwa na vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa juu ya kauchu. Alivigawa kwa mafungu, wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto, akavipanga mbele ya majaji na kutaja jina la kila kimoja. Huyo naye hakuwa amesoma uchunguzi popote. Lakini kama kuna ushahidi uliokusanywa vizuri katika historia ya inchi hii, ni ule: idadi, majina, vyeo, sababu ya kifo, na mtu aliye tayari kusimama mbele ya muuaji na kuyasema.

Ripoti ya tume ilitoka mwezi wa 11 mwaka 1905. Ilithibitisha karibu yote ambayo Morel alikuwa akiyaandika kwa miaka mitano. Mchezo wa mfalme ulimgeukia. Hata hivyo maneno ya mashahidi wenyewe, Lontulu na wengine, hayakuchapishwa. Yalifungiwa Brussels, na watu wa kawaida hawakuweza kuyasoma mpaka miaka ya 1980.

Baada ya hapo ilibaki kubishana juu ya bei. Leopold hakuiacha Kongo bure. Ubelgiji ilibeba madeni yake na kumlipa juu yake. Mwezi wa nane 1908, kabla ya kukabidhi, tanuru za ofisi za Dola kule Brussels ziliwaka kwa siku nane zikiteketeza karatasi. Mfalme alikuwa ameelewa vizuri kuliko mtu yeyote kile ambacho karani mmoja anaweza kufanya na vitabu vya hesabu. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji. Leopold akafa mwaka uliofuata. Morel hakukubali kufunga chama mara moja; alisubiri mpaka mwaka 1913, akitaka kwanza aone kama Waafrika wamerudishiwa haki ya udongo wao na ya mazao yao. Kwa jambo hilo alikuwa na akili kuliko wenzake wengi, ambao waliona mikono imeacha kukatwa wakadhani kazi imekwisha. Hakuwa mpinzani wa ukoloni, hapana. Aliona utawala wa Waingereza kule Nigeria kuwa mfano mzuri, alipoutembelea mwishoni mwa mwaka 1910 na mwanzoni mwa 1911.

Maisha yake ya mwisho yanachanganya moyo. Vita vya 1914 vilipoanza, alivipinga hadharani, akisema mikataba ya siri ndiyo iliyoviandaa. Marafiki wengi wakamkimbia, magazeti yakamwita mtu wa Wajerumani. Mwaka 1917 alihukumiwa miezi sita kwenye gereza la Pentonville kwa kosa la kutuma vitabu vyake vidogo inje ya inchi bila ruhusa. Casement alikuwa amenyongwa ndani ya gereza hilohilo tarehe 3 Agosti 1916, kwa sababu ya kupigania uhuru wa Ireland na kutafuta silaha kwa Wajerumani. Watu wengi walitia sahihi ili Casement asamehewe. Morel hakutia, aliogopa kuharibu kazi yake ya kupinga vita. Alitoka gerezani mwaka 1918 akiwa na mvi na mwili uliovunjika.

Na kuna doa kubwa zaidi ambalo Mkongomani hawezi kulifunika. Mwaka 1920 Ufaransa ilikuwa imeweka askari kutoka makoloni yake ya Afrika katika eneo la Rhine, Ujerumani. Morel aliandika makala na kitabu kidogo akiwachora askari hao kama wanyama wanaowarukia wanawake wa kizungu. Mtu aliyekataa kuandika neno moja juu ya Kongo bila kitabu cha hesabu mkononi, sasa alichukua uvumi na kuufanya ushahidi, kwa sababu ulimsaidia kupiga siasa ya Ufaransa. Watetezi wake wanasema alikuwa mgonjwa na mwenye uchungu. Mimi nasema alikuwa na jicho kali kwa daftari, na alipoacha daftari akabaki na chuki za wakati wake, kama wengine.

Mwaka 1922 wapiga kura wa Dundee, Scotland, walimchagua kuwa mbunge. Aliyeshindwa siku ile alikuwa Winston Churchill. Wengine walifikiri chama chake cha Labour kitakapoingia serikalini atakuwa waziri wa mambo ya inje. Hakuwa. Tarehe 12 Novemba 1924, akitembea porini karibu na Bovey Tracey, kusini-magharibi mwa Uingereza, alisikia uchovu, akakaa chini ya mti, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 51.

Karatasi zake, barua za Casement, za wamisionari na za watu waliomwandikia kutoka Kongo wakihatarisha maisha yao, zimehifadhiwa leo kwenye chuo cha London School of Economics, na anayetaka kuzisoma anaruhusiwa.